Kupima karotenoidi kwenye ngozi ya kidole: inafaa kwa mradi wa bustani za shule, Moshi?

mwanalishe_uru

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Tunaandaa mradi wa bustani za mboga kwenye shule nne za msingi za Moshi Vijijini. Walengwa ni watoto wa miaka 7 hadi 12. Tutapanda mchicha, mnafu, karoti, viazi lishe na miche michache ya papai, na mavuno yataingia kwenye chakula cha mchana cha shule. Hojaji ya saa 24 (kuuliza mtoto alikula nini siku iliyopita) tutaifanya, lakini udhaifu wake unajulikana: mtoto husahau alichokula, na mzazi hutaja kile ambacho angependa mtoto awe amekula. Kutoa damu kwa watoto wote hatuwezi, kwa gharama na kwa ridhaa pia.

Kwa hiyo tunafikiria kile kifaa cha kuweka kidole, kinachosoma karotenoidi (rangi za njano, machungwa na nyekundu za mboga na matunda) kwenye ngozi kwa mwanga na kutoa alama kati ya 0 na 800. Naomba msaada kwa haya:

1. Ngozi zetu ni nyeusi. Melanini, yaani rangi nyeusi ya ngozi, haitaharibu kipimo?
2. Je, alama ile inaweza kusimama badala ya retinoli (vitamini A) ya damu, au hata kuwa kigezo cha hali ya lishe kwa ujumla?
3. Tupime mara ngapi, na watoto wangapi wanatosha?
4. Utaratibu wa siku yenyewe ya kupima ukoje, na wapi watu hukosea?

Natanguliza shukrani.

---

spektra_tengeru

Marahaba. Naanza na la melanini, maana ndilo linalowakatisha wengi tamaa kabla hawajagusa kifaa.

Karotenoidi hufyonza mwanga wa buluu, takriban nanomita 400 hadi 520. Ndiyo maana karoti na papai tunaviona vya njano au vya machungwa: buluu imemezwa, kilichobaki ndicho kinachorudi machoni. Kwenye ngozi kuna wengine wawili wanaofyonza eneo hilohilo. Melanini haina kilele. Ufyonzaji wake hupanda taratibu kutoka mwanga mwekundu kwenda zambarau, kama mteremko. Himoglobini, rangi nyekundu ya damu, ina kilele kikubwa karibu na nanomita 415, na viwili vidogo karibu na 542 na 577. Kifaa humulika mwanga mweupe, husoma wigo mzima unaorudi, kisha programu hugawanya: huu mteremko ni wa melanini, hivi vilele ni vya damu, na kifundo kinachobaki kati ya 450 na 500 ni cha karotenoidi.

Kinachotuokoa ni mahali tunapopima. Geuza mkono wa mtu mweusi tii: mgongo wa mkono na kiganja si rangi moja. Upande wa ndani wa ncha ya kidole, ule tunaopigia alama ya dole, una melanini kidogo na tabaka la nje la ngozi ni nene. Karotenoidi nyingi ziko kwenye tabaka hilo, hivyo mwanga hukutana nazo kabla ya kufika mbali. Melanini haifutiki kabisa, na mimi nisingeshauri kuchukua alama za watoto wa Uru na kuziweka kwenye jedwali la madaraja lililotengenezwa kwa watu wazima wa Marekani. Lakini mtoto ukimlinganisha na yeye mwenyewe, mwezi huu na mwezi wa tatu kutoka sasa, melanini ya ncha ya kidole chake haijabadilika kiasi cha kukusumbua.

Damu nayo huondolewa kwa mkandamizo. Lenzi ya kifaa imebinuka, na kifuniko chenye springi hukibana kidole juu yake. Kibane kidole chako kwenye kioo cha dirisha uone: kinageuka kweupe, damu imesogea pembeni. Hiyo ndiyo hali tunayoitaka, na ndipo wapimaji wapya wanapoharibu zaidi. Mtoto akiwa na woga huinua kidole nusu milimita, damu inarudi, na alama inabadilika. Programu ikikuonyesha wigo, tazama pale 542 na 577. Ukiona mabonde mawili bado yapo, kidole hakikubanwa vya kutosha, rudia.

Mkichanganya makala za zamani na mpya, angalieni njia iliyotumika. Kazi hii ilianzia Chuo Kikuu cha Utah kwa mbinu ya Raman, inayosoma mwanga wa leza uliobadilika rangi baada ya kugonga karotenoidi: leza ya buluu ya nanomita 488 na mstari wa karotenoidi kwenye 1525 kwa sentimita. Alama zake huhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Hizi za mwakisiko, yaani za mwanga mweupe unaorudi kama kifaa chenu, ni 0 hadi 800. Hakuna namna ya kugawanya au kuzidisha upate nyingine.

Sasa siku ya kupima.

Washa kifaa na kompyuta dakika 15 kabla, ili taa itulie. Sawazisha kwa kipande cheusi na kipande cheupe vilivyokuja na kifaa, asubuhi kabla ya mtoto wa kwanza, halafu tena kila baada ya saa moja au kifaa kikihamishwa kutoka ubaridini kwenda kwenye joto. Kipande cheupe kikiwa na alama ya kidole chenye mafuta, kila mtoto anayefuata atapata alama yenye kosa lilelile. Kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na kukishika ni kwa pembeni tu.

Mtoto anawe kwa sabuni, akauke, kisha ncha ya kidole ifutwe kwa pamba ya spiriti na iachwe sekunde 30 ikauke tena. Chagueni kidole kimoja cha mkono asioandikia, mkiandike kwenye fomu, na kibaki hichohicho mradi mzima. Sisi wengi hutumia cha pete, kwa sababu hakina sugu nyingi wala wino wa kalamu. Mwezi wa Juni na Julai vidole huwa vya baridi kweli huku kwetu mlimani. Mtoto asugue viganja, akae ndani dakika tano kwanza.

Ingiza kidole, shusha kifuniko, mwambie apumue kawaida, hesabu hadi 10 ndipo usome. Toa kidole kabisa, rudisha, soma tena. Mara tatu. Mfano umepata 212, 224 na 219: wastani ni 218, mchepuko ni 6, yaani chini ya asilimia 3. Hiyo ni safi. Tofauti kati ya kubwa na ndogo ikizidi asilimia 10 ya wastani, futa kidole, rudia zote tatu. Andika namba zote tatu. Wastani peke yake hautakuonyesha mpimaji gani anabana vibaya.

Usipime kwenye kivuli cha mwembe. Mwanga wa jua unaopenya pembeni ya kidole chembamba huingia kwenye lenzi. Darasani, mbali na dirisha, na kitambaa cheusi juu ya mkono. Kwa umri wenu vidole vingi vinatosha kuifunika lenzi, ila wa miaka 7 wenye vidole vyembamba wakaguliwe mmoja mmoja.

---

maabara_kibosho

Naongezea kwenye swali la pili, na hapa naomba tuwe wakali kidogo, kwa kuwa ripoti nyingi hupotoka hapa.

Alama ya ngozi inaeleza kitu kimoja: kiasi gani cha karotenoidi mwili umepokea na kuhifadhi katika wiki kadhaa zilizopita. Haielezi vitamini A. Retinoli ndani ya damu inalindwa na ini. Ini huendelea kuitoa kwa kiwango kilekile hadi akiba inapokaribia kuisha. Watoto wawili wenye retinoli sawa kabisa, mmoja anaweza kuwa na alama 120 na mwenzake 380. Kinyume chake pia hutokea. Mafuta ya kupikia yaliyoongezwa vitamini A hubeba retinili palmiteti (aina ya retinoli), na matone ya vitamini A wanayopewa wadogo wa miezi 6 hadi 59 ni retinoli vilevile. Hizo hazifyonzi mwanga wa buluu, kwa hiyo kifaa hakizioni hata kidogo. Mtoto anaweza kuwa salama kabisa kwa vitamini A kupitia mafuta na maziwa huku kidole chake kinasoma chini.

Wala si kigezo cha hali ya lishe kwa ujumla. Mtoto anayekula papai kila siku na makande matupu anaweza kusoma vizuri huku ana upungufu wa damu na amedumaa. Urefu kwa umri, uzito na himoglobini vibaki palepale kwenye mpango wenu, na himoglobini msisahau kuirekebisha kwa mwinuko, maana shule za juu Uru si sawa na za Moshi mjini.

Kwenye ripoti andikeni hivi: «kiashiria cha ulaji wa mboga na matunda yenye karotenoidi». Neno *yenye karotenoidi* lisidondoke. Kabichi nyeupe, kitunguu, bilinganya na ndizi mbivu ni mboga na matunda halali, ila kifaa hakitavipa hesabu ya maana. Tofauti za vyakula ni kubwa mno. Kwa gramu 100, karoti mbichi ina takriban mikrogramu 8,000 za betakarotini, embe karibu 600. Tikiti maji lina karibu mikrogramu 4,500 za laikopini (karotenoidi nyekundu), nyanya mbichi karibu 2,500. Familia inayotumia mawese mekundu ya Kigoma yasiyosafishwa inapata miligramu 500 hadi 700 za karotenoidi kwa kila kilo ya mafuta. Vijiko viwili kwenye mboga vinaweza kuifunika athari ya bustani yenu. Wekeni swali la mawese kwenye hojaji.

Halafu kuna suala la sufuria. Karotenoidi za majani zimefungwa ndani ya chembe za kijani, na nyingi hupita bila kufyonzwa. Mnafu uliokatwa kwa upana, ukachemshwa maji na chumvi tu, unatoa kidogo sana. Ukatwe mwembamba, uive, na upikwe kwa mafuta: gramu 3 hadi 5 za mafuta kwa mlo wa mtoto zinatosha, au robo ya parachichi pembeni, na Moshi parachichi halikosekani. Shule mbili zinaweza kulima sawa, kula sawa, na alama zikaachana kwa sababu mpishi mmoja anaweka mafuta na mwingine hana bajeti ya mafuta. Pimeni mafuta yanayoingia jikoni kwa wiki, mgawanye kwa idadi ya watoto.

Kama mfadhili anasisitiza vitamini A, chukueni damu kwa sehemu ndogo, tuseme watoto 40. Mrija ufungwe kwa karatasi ya alumini mara tu damu inapotoka, uzungushwe kwenye mashine ya kutenganisha seramu ndani ya saa moja, seramu ihifadhiwe kwenye nyuzi 70 hasi au chini zaidi. Karotenoidi huharibiwa na mwanga na joto. Sampuli iliyokaa kwenye boksi la barafu hadi jioni itakupa namba, lakini namba ya nini? Kwenye HPLC (mashine ya maabara inayotenganisha kemikali za sampuli) retinoli husomwa nanomita 325 na karotenoidi 450, hivyo sampuli moja inawapa vyote viwili. Upungufu ni retinoli chini ya mikromoli 0.70 kwa lita. Pimeni CRP na AGP (protini za damu zinazopanda mwili ukiwa na maambukizi) pamoja, kwa kuwa mtoto mwenye malaria au kikohozi kikali retinoli yake hushuka bila akiba ya ini kupungua.

---

takwimu_njiro

Swali la tatu. Kabla ya hesabu, tarehe.

Watu hupima siku ya kupanda mbegu, kisha wiki ya 12, halafu wanashangaa hakuna tofauti. Hesabuni wiki kuanzia sufuria, siyo kuanzia jembe. Mchicha unavunwa baada ya wiki 3 au 4, karoti karibu miezi 3, viazi lishe miezi 4 au zaidi, na papai msilitegemee mwaka wa kwanza. Damu huonyesha mabadiliko ya ulaji ndani ya siku hadi wiki mbili. Ngozi huchelewa, wiki 3 hadi 6 ndipo badiliko linaonekana vizuri. Kwa hiyo: kipimo cha kwanza kabla mavuno hayajaanza kuliwa, cha pili wiki ya 6 ya kula, cha tatu wiki ya 12. Likizo ya Juni na ya Desemba zikiangukia katikati, kidole kitasoma chakula cha nyumbani. Na msimu wa maembe, kuanzia Novemba, hupandisha alama za kila mtoto, mwenye bustani na asiye nayo. Bila shule za kulinganisha zinazopimwa wiki ileile, maembe yatasifiwa kama mafanikio ya mradi.

Idadi. Nachukua mchepuko (kutawanyika kwa alama kati ya watoto) wa alama 100 na tofauti ya alama 30 ambayo mngependa kuigundua, uwezo wa asilimia 80 (nafasi ya kuiona tofauti ikiwa ipo), kosa la asilimia 5 (nafasi ya kuona tofauti isiyokuwapo). Ukilinganisha vipimo vya mwisho tu:

2 × (1.96 + 0.84)² × 100² ÷ 30² = 174.2, yaani watoto 175 kila upande.

Mkitumia kipimo cha kwanza kama kirekebishi, na uwiano kati ya cha kwanza na cha mwisho ukiwa 0.7, zidisha kwa 1 − 0.49. Inabaki 89. Sasa watoto wa darasa moja hula sufuria moja, hivyo hawajitegemei. Mkichukua watoto 20 kila shule na uwiano wa ndani ya shule (kiasi watoto wa shule moja wanavyofanana) wa 0.05, zidisha kwa 1 + 19 × 0.05 = 1.95. Tunarudi 174 kila upande, karibu shule 9 kwa upande. Hizo 100, 0.7 na 0.05 ni za mfano. Pimeni watoto 30 mara mbili, wiki 6 zikipita katikati, mpate zenu mbili za kwanza.

Shule nne, mbili kwa mbili, hazitoshi kuthibitisha athari hata mkipima watoto elfu. Zinatosha kwa majaribio ya utaratibu, na kazi hiyo ina thamani yake mkiiita kwa jina lake.

Mkiwa na vifaa viwili, kamwe kimoja kisikae shule za bustani na kingine shule za kulinganisha. Vibadilishaneni kila siku, na kila asubuhi watu wazima watano walewale wapimwe kwenye vyote. Uzito nao urekodiwe, kwa sababu karotenoidi huyeyuka kwenye mafuta ya mwili na mwenye mafuta mengi husoma chini zaidi kwa ulaji uleule.

---

mwanalishe_uru

Asanteni sana, nimeandika upya nusu ya pendekezo. Mawili yamebaki. Kuna watoto wenye hina vidoleni, hasa baada ya Idi. Na je, tunaweza kutengeneza kifaa chetu wenyewe, maana bei ya kile cha dukani ni nzito?

---

spektra_tengeru

Hina usiipime. Rangi yake hushikamana na tabaka lilelile la nje na hufyonza buluu, kwa hiyo mtoto atasoma kama mla karoti wa kutupwa. Spiriti haitoi. Tafuta kidole kisicho na hina, na kama vyote kumi vimepakwa, mpe tarehe nyingine; ncha ya kidole huchukua wiki tatu au nne kujisafisha. Manjano ya jikoni ni vilevile, ingawa hutoka kwa kunawa mara kadhaa. Mtoto aliyetoka kumenya embe au kuchuma nyanya anawe vizuri, na wino wa alama za chanjo uangaliwe kwenye kidole mlichochagua.

Mkibadili kidole kwa sababu ya hina, kibadilisheni kwa vipimo vyote vya mtoto huyo. Ndiyo sababu Idi iwe kwenye kalenda yenu kabla ya kipimo cha kwanza.

---

fundi_unga_ltd

Kuhusu kutengeneza: inawezekana kwa kujifunzia na kwa kulinganisha mtu na yeye mwenyewe, ila msiite matokeo «alama ya 0 hadi 800».

Sensa ndogo ya mwanga ya AS7341 ina mikondo (rangi inazosoma moja moja) ya nanomita 415, 445, 480, 515, 555, 590, 630 na 680, na huunganishwa na Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki ya kujitengenezea vifaa) kwa nyaya nne. Kinachowaangusha watu ni taa. LED nyeupe ya kawaida ina kilele karibu na 450, halafu bonde karibu na 480, palepale karotenoidi inapofanya kazi. Mwanga ukiwa hafifu hapo, kelele ya umeme inazidi kipimo. Ongezeni LED ya samawati-kijani ya karibu nanomita 490 pembeni ya nyeupe, zote zilishwe umeme thabiti. USB ya kompyuta wakati umeme unacheza haitoshi.

Kila mkondo hesabu hivi: toa usomaji wa giza kutoka kwa kidole, toa giza kutoka kwa kipande cheupe, gawanya, chukua logi hasi ya msingi wa 10. Mfano kwenye 480: giza 1,000, cheupe 40,000, kidole 5,000. (5,000 − 1,000) ÷ (40,000 − 1,000) = 0.103, na ufyonzaji ni 0.99. Kisha chora mstari kutoka 630 na 680 kuurefusha hadi 480. Huo ni makadirio ya melanini. Kinachozidi juu ya mstari ndicho mnachokifuatilia, mkijua kwamba mstari ulionyooka haukadirii melanini kikamilifu kwenye buluu. Mkondo wa 555 uwe mlinzi wenu: ufyonzaji wake ukibaki juu, damu haijatoka kidoleni.

Kubana, tumieni kioo kinene kilichobinuka na springi ya chuma yenye kizuizi, ili kila kidole kibanwe kwa kiasi kilekile. Mkono wa mpimaji usibane chochote. Ndani ya boksi pakeni rangi nyeusi isiyong'aa. Kabla ya kwenda shuleni, pimeni watu 40 kwenye kifaa chenu na cha dukani mlichoazima, siku hiyohiyo, kidole hichohicho, na mchore nukta. Zikitawanyika ovyo kwenye karatasi, anzeni kukagua springi kabla ya kugusa programu.